Sura ya marehemu iligeuka kwenye ekrani yangu

Jumatano, Mushaki. Ukungu umekatala kutoka leo. Nimerudi toka kilioni.

Jirani yetu seremala tulimuzika jana. Hakupenda picha, chache alizopigwa ziko kwenye simu ya binti yake, yenye kioo kilichopasuka. Mujane akaniomba nimuonyeshe picha ya mume wake ikiwa kubwa, amuangalie vizuri hata mara moja. Mimi njo Mama Foto wa hapa. Nilianza kwa kuchaji simu za watu na paneli moja ya jua, mpaka nikajinunulia ekrani, kioo kikubwa cha kuonyeshea picha. Nikakubali palepale.

Nikaiweka juu ya meza ndefu ili hata waliosimama mlangoni waone. Nikaiunganisha na simu ile, nikawasha. Mbele yangu rangi ilikuwa safi kabisa.

Mujane akapiga kelele.

Shemeji yake, aliyesimama kando yangu, akamutuliza: "Mama, si njo yeye kabisa? Ni machozi inakufunika macho."

Mujane akamujibu: "Kuja ukae hapa chini, njo useme!"

Akachuchumaa. Akaruka kama ameungua. "Wee Mama Foto! Umemufanya nini kaka yangu?"

Mujane wa kwetu hakai kwenye kiti mpaka kilio kimalizike. Anakaa chini, kwenye mukeka. Nikapiga magoti kando yake, nikaangalia juu.

Mungu wangu.

Vivuli vya mashavu vilikuwa vinang'aa. Ngozi yake nyeusi imekuwa kama majivu, macho mashimo mawili. Sijaona kitu kama kile.

Nikashusha ekrani mbio, nikaiegemeza kwenye kiti kifupi mbele ya mukeka, nikainamisha mpaka ikalingana na macho yake. Sura ikarudi. Alimugusa mume wake shavuni kwa kidole kimoja.

Nyumbani nimetafuta namba iliyo nyuma ya ekrani. Muuzaji wa Goma aliniapia kwamba ni IPS, aina ya ekrani inayoonekana vizuri toka pande zote. Kumbe ni TN, aina ya bei rahisi! Katika TN vipande vidogo vya ndani vinavyopitisha mwanga vinajipinda na kusimama, kwa hiyo ukiangalia toka chini, giza na mwanga vinabadilishana nafasi. Katika IPS vinazunguka vikiwa vimelala, sura inabaki sura. Hata VA, aina ya tatu, inayofifisha rangi ukikaa pembeni, haingemufanyia mama yule hivyo.

Kinachonichoma ni kwamba nilisoma boksi. Digrii 170 kwa upana, 160 kwa urefu. Hesabu hainishindi: nusu ya 160 ni 80 kwenda chini, na mama pale kwenye mukeka hakufika hata 40. Kumbe hiyo 160 inapima tu kama weupe na weusi bado vinatofautiana kidogo. Muntu akigeuka mzimu, kwao bado inahesabiwa. Na IPS inaandikwa 178 pande zote mbili. Namba ilikuwa mbele yangu, nikamuamini mudomo wa muuzaji.

Nitamurudishia ekrani yake. Nitaiwasha juu ya meza yake, kisha nimuambie: Papa, kaa chini. Chini kabisa, sakafuni. Sasa angalia.

Lakini hiyo ni hasira yangu mimi. Mujane aliomba kitu kimoja tu, na nilimupa sura mbili.

Akifumba macho sasa, anaona ipi?