Sindano ya Mama Mkwe

Bi. Agneta wa ukurasa wa ushauri,

Nakuandikia kwa furaha iliyochanganyika na woga, na mwandiko ukikushinda usinilaumu, watu wa kazi yangu hatujasifiwa mwandiko popote. Mimi ni mtu wa makamo, nina kitambi na mvi za kutosha kuitwa babu, lakini hapa hospitalini Kitale naitwa daktari mdogo, kwa sababu nilikuwa dresa wa kufunga vidonda kwa miaka mingi kabla ya kupelekwa Uganda kusomea udaktari pamoja na vijana walionishinda kwa kila kitu isipokuwa kitambi. Sasa nimewekwa chini ya daktari mkubwa katika wadi ya wagonjwa wa sukari na wale wenye tezi za shingo, na nakwambia sijawahi kuipenda kazi namna hii. Unaletewa mtu aliyekauka kama ganda la mahindi, anamaliza mtungi wa maji na bado analia kiu, unachemsha mkojo wake pamoja na ile dawa ya samawati ya kupimia sukari na inageuka nyekundu kama tofali, unamchoma insulini, siku zinapita kidogo, unachemsha tena na dawa inabaki samawati vilevile, na mgonjwa anauliza ugali uko wapi. Hapo mimi huanza kuimba nyimbo za kanisani, siwezi kujizuia.

Basi wiki chache zilizopita shemeji yangu Wekoye alifika kwa lori la mahindi kutoka Kabuchai, kule Bungoma, amembeba mtu ndani ya blanketi, na mtu huyo alikuwa hajui kama ni mchana au usiku, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, nami nikajua mara moja ni sukari na kwamba hakuna wakati wa kupoteza, nikaita sindano, nikaita maji ya chumvi ya mshipani, na nilipofunua blanketi kutafuta mkono nikakuta ni mama mzaa mke wangu Peris.

Wewe ni mtu wa Bungoma huhitaji kuelezwa, lakini wasomaji wa mbali wajue kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai nyumba moja, wala hawatazamani usoni. Tangu nioe nimemwona mama huyu kwa mbali tu, na zaidi mgongo. Sasa nifanye nini? Nilimfunika uso kwa shuka nikamchoma, na alfajiri akaamka akaomba uji, na mimi nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Siku zilizofuata muuguzi wetu wa kike, Jerop, ndiye aliyekuwa akimchoma, pajani, na mama alikuwa akinenepa tunamwona. Halafu Jerop akaitwa kusaidia wadi ya wazazi, sindano ikabaki mikononi mwangu, na mimi kwa ujanja wangu nikavaa kofia ya upasuaji, kitambaa cha mdomo na gauni hadi miguuni, nikawa naingia kama bubu, namchoma, natoka. Nilijiona hodari sana. Lakini asubuhi moja nilipima mkojo wake palepale mwisho wa wadi, dawa ikabaki samawati, furaha ikanizidi, nikarudi kitandani kwake na sindano huku naimba ndani ya kile kitambaa. Mama akavuta blanketi hadi kichwani. Jerop alikuwa ndio kwanza amerudi, mama akamwambia, "Mwambie mkwe wangu sauti hiyo tuliisikia siku ya harusi, na hata siku hiyo hatukuipenda."

Wadi nzima ilicheka, na mimi pia, mpaka niliposikia kwamba chini ya blanketi mama alikuwa analia. Tangu hapo amesema Jumamosi anarudi Kabuchai na lori lilelile, kwenye boma analoishi na Wekoye na mkewe Sellah, na sindano basi. Ati afadhali sukari immalize kuliko kurudi nyumbani watu waseme mkwe amemshika paja. Daktari mkubwa anasema hawezi kumfunga kamba, lakini bila insulini kila siku hatatoboa mwezi, na hilo mimi nalijua kuliko mtu yeyote. Nikaona dawa ni ahamie kwangu Kitale, nikanunua na kitanda, nikamwambia Peris kwa furaha. Peris amenitazama kama mtu aliyevua nguo sokoni na tangu hapo hasemi nami, na chai napika mwenyewe, vibaya.

Je, nimwambie mama mila ni ya jana na dawa ni ya leo? Nimchome akiwa amelala? Nimlilie? Nisaidie upesi, Jumamosi inakuja.

Mimi Mkwe Asiyelala,
Kitale.

*

Mkwe Asiyelala,

Kwanza hongera. Umemtoa mama wa watu mlangoni mwa kaburi, na kwa lile shuka la siku ya kwanza hakuna mtu Kabuchai nzima mwenye akili atakayekulaumu. Nimefurahi nawe mpaka nimemwaga chai.

Sasa kaa chini nikugombeze. Siku ya kwanza mama alikuwa hajitambui na ulimfunika kwa heshima. Siku za kofia na kitambaa alikuwa macho, na wewe ulimdanganya. Yeye hakukataa dawa, baba. Alikubali sindano ya Jerop siku zote. Alichokataa ni wewe, na wewe badala ya kuuliza mwanamke mwingine yuko wapi, ukavaa gauni ukaenda kuigiza. Na kitanda! Mama mkwe alale kwako, asikie ukikoroma? Peris ana haki ya kukunyima chai.

Usimwambie habari ya mila ya jana. Ana watoto, ana majirani, ana kanisa, ndimo atakamoishi baada ya wewe kumponya. Na ukimchoma akiwa amelala, usiniandikie tena.

Fanya hivi. Leo hii muombe Peris msamaha, kisha umtume yeye na Wekoye wakamwambie mama kwamba mkwe amekosa na hatakanyaga tena upande ule wa wadi. Wamwombe abaki wiki moja zaidi. Akiombwa na watoto wake atasikia. Lori la Jumamosi lisimchukue, bali limlete Sellah, mke wa Wekoye, ambaye anaishi boma moja naye. Jerop awafundishe wote wawili. Ndiyo, na mama mwenyewe. Paja ni lake na mkono ni wake, hakuna atakayeona kitu. Sellah apime dawa kama macho ya mama hayaoni mistari ya sindano. Wewe simama barabarani kama unataka, na swali likiwashinda Jerop atakuja kukuuliza.

Wafundishwe kuchemsha sindano kwenye sufuria yake peke yake, si ile ya mboga. Chupa ya insulini ikae ndani ya mtungi wa maji, kivulini, isiachwe juani. Na akishachoma ale, asiende shamba na tumbo tupu. Akitetemeka na kutoka jasho, Sellah ampe sukari mdomoni hapohapo. Kitanda kirudishe dukani.

Na siku moja utakwenda Kabuchai kuwasalimu. Ukiona mwanamke ametupa jembe na kuingia mbio ndani ya mahindi ili asikutane nawe njiani, usimwite, usiumie. Geuza uso, mpe nafasi apite, kisha mwambie Mungu asante. Mtu uliyempokea ndani ya blanketi sasa anakukimbia kwa miguu yake.

Agneta