Mwenye Gauni la Kijani

Shoga, acha kila kitu usome. Kaka kaharibu kwenye uzinduzi wa jarida lake la fasihi.

Si unaikumbuka ile hadithi ya mke aliyemtoroka mumewe? Mwandishi alimsihi kaka asiweke jina lake. Alimsihi!

Basi kaja bwana mmoja mpole, kashika nakala. "Hadithi hii imenigusa. Naomba nimpongeze mwandishi."

Kaka kwa furaha zake: "Yule pale, mwenye gauni la kijani."

Kamnyooshea kidole, shoga!

Dada wa watu kugeuka, kikombe kikamponyoka. Bwana akamwambia taratibu, "Mke wangu, umeniandika vizuri."

Akamshika kiwiko, wakatoka. Watu wakapiga makofi!

Sasa kaka yuko polisi, kaenda kuripoti. Kila akimpigia yule dada, simu inapokelewa, lakini hakuna anayeongea.