Picha za Moyo wa Bibi

Jumanne, Dar es Salaam

Ni mimi niliyeharibu, si Bibi.

Presha ya mapafu imeuchosha moyo wake upande wa kulia. Bila picha za mashine ya sumaku, ile MRI, daktari hawezi kumpangia dawa. Bibi anajua Kinyaturu tu, kwa hiyo nilipewa kipaza sauti nimwambie abane pumzi.

Lakini nani anamwamuru bibi yake? Kila mara nilianza, "Bibi, samahani, naomba..." naye akaitika humo ndani ya mashine, "Naam, mjukuu wangu," huku akipumua. Picha zote zikatoka na ukungu.

"Bibi yako msumbufu," daktari alisema. "Mtarudia Ijumaa." Sikumwambia kuwa kosa ni langu.

Jioni Bibi alinishika mkono. "Nisamehe, nimekuaibisha mbele ya wasomi wenzako."

Nikamjibu, "Usijali, Bibi," kana kwamba mimi ndiye wa kusamehe.