Jina la Naliaka

Kawangware, 3 Machi 2025

Mama,
Bwana asifiwe. Mkono unaendeleaje, plasta bado inakuwasha? Sisi tuko poa.

Nimejifungua jana, msichana tena. Wa kwanza alichukua jina la mama ya mume wangu, na kwa Wakikuyu msichana wa pili huchukua la mama ya mke, yaani lako. Kwa hivyo huyu ni Naliaka, kama wewe. Kinyanjui anamwita mama mkwe, na ameshaanza kumwogopa.

Kuja umwone.

Mtoto wako,
Mercyline

Lindi, 5 Machi

Mercyline mwanangu,
Asifiwe sana. Hongera, na pole kwa uchungu. Mimi niko tu, mgongo unaniuma nikiinama.

Lakini jina, hapana. Kwetu Bukusu mtoto anarithi jina la mtu aliyekufa. Nani amekuambia nimekufa?

Na kuna kitu nilikuficha. Daktari alishangaa mtu anavunjika mkono aje akikamua blanketi. Wakanipima damu. Ndani ya shingo kuna tezi nne ndogo. Zangu zimeota uvimbe, zinatoa kalsiamu kwa mifupa zinaimwaga kwa damu. Hata yale mawe ya figo yaliyomtesa nyanya yako, wanasema huenda yalianzia hapo. Ni ugonjwa wa ukoo, mzazi anampa mtoto. Watanipasua shingo.

Usimpe jina langu, asije akabeba na mifupa yangu. Mwite hata Maggie. Na sikuji, mwanangu. Naogopa kumwinua, nimwangushe.

Mama yako

Kawangware, 30 Machi

Mama,
Umeamkaje? Simu hushiki. Kinyanjui alikuja hadi hapo mtaani kwako Lindi na unga na maziwa, ukamjibu kupitia mlango ati umelala. Mtu amelala anajibu?

Nimeenda kupimwa. Mama, ninao pia. Nililia nikinyonyesha, mtoto akaniangalia tu. Lakini mifupa yangu bado ni mizima. Daktari alisema tumewahi, kwa sababu kuna mtu alivunjika kabla yangu na akafuatiliwa. Watoto nao watapimwa wakikua.

Huu ugonjwa unapita kwa damu, haupiti kwa jina. Lakini sitampa jina kama hutaki. Kliniki wamemwandika mtoto wa Mercyline, na majirani wamechoka kuuliza.

Nimekumiss.
Mtoto wako

Lindi, 21 Aprili

Mwanangu,
Salamu kwa wote. Napasuliwa kesho. Nisamehe kwa kunyamaza. Niliona ni mimi nimekuharibu, na sikujua nitakuangalia aje.

Nikifia huko, mpe jina. Hata kwetu itakuwa sawa. Nikitoka, tutaongea.

Mama

Lindi, 26 Aprili

Mercyline,
Hamjambo huko? Mimi sijakufa. Shingo imeshonwa vizuri, midomo ina ganzi, nameza kalsiamu kama njugu. Mifupa itajijenga polepole, wamesema.

Pale wodini nurse aliita Naliaka, nikaitika, na mama mwingine wa kitanda cha pili akaitika pia. Tulicheka hadi uzi ukanivuta. Nikafikiria sana baadaye. Aliyekufa hasikii jina lake likiitwa. Mimi nataka kusikia. Nataka nikuje nikukute ukimgombeza, Naliaka toka hapo, Naliaka kula, na mimi nimekaa hapo nasikia.

Mpe sasa, nikiwa hai. Jumapili nitakuja. Nitaketi kwanza kwa kochi, halafu mumweke kwa mapaja yangu.

Naliaka mkubwa