Hisa za Mzee Pandu

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Tumefika Guangzhou, China, salama. Mzee Pandu kalala ndege nzima, mimi macho kodo. Kwenye begi langu kuna hati anayotakiwa kuisaini: ananiachia mimi hisa zake zote, nusu ya kampuni yetu. Hajui kama ninayo.

Elisante, wakili wetu, kasema mwisho Ijumaa. Aliyefutwa kwenye daftari la wasanifu majengo, kama Mzee sasa, haruhusiwi kushika hisa za kampuni ya usanifu. Zikipita siku sitini anazo, leseni ya kampuni nayo inakwenda. Wafanyakazi kumi na wanane!

Na kosa lenyewe – huruma. Watu wa kijijini kwao walimletea michoro ya zahanati, akaigongea muhuri wake. Hakuichora, hata kiwanja hakukiona. Walikuja na mkungu wa ndizi, wakamwita mjomba, basi kwisha.

Jumanne, 11 Novemba

Tumeshinda kwenye maduka ya vigae tulivyovifuata huku. Anakigonga kila kigae kwa kucha, anasikiliza. Bei ikitajwa: "Tai gui le, rafiki! Ghali!" Muuzaji hoi kwa kicheko.

Mchana tumekula mtaa wa Dengfeng, kwa Ndinda, Mkenya mwenye mgahawa. Wali ukiwa mdomoni Mzee kaniuliza: hivi mtu kama yeye sasa kampuni inamweka wapi? Nikamjibu kuwa samaki ana chumvi. Samaki! Muoga mkubwa mimi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu nikaishia kumuuliza kama kameza dawa ya presha.

Kameza.

Alhamisi, 13 Novemba

Elisante kapiga mara mbili. Anasema huyo mzee ndiye aliyekiandika kifungu hicho cha hisa kwenye katiba ya kampuni, atanuna vipi? Elisante hajui kitu. Mimi nilifeli usaili wa bodi ya wasanifu mara mbili, na mara zote mbili Mzee alikuwa nje ananingoja na maandazi kwenye gazeti. Hakunipa pole. Alisema kula, halafu tuone umekosea wapi. Baba yangu mzazi sikumjua. Huyu ndiye niliyenaye. Leo nimwambie toka?

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi, hotelini. Nimemwamkia, nikaiweka hati mezani. Kaisoma yote, mpaka mwisho. Kavua miwani. Kisha akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha.

Hati ileile! Imeshasainiwa. Shahidi: Bi Mwanahija, mkewe. Tarehe: Jumamosi, siku moja kabla hatujapanda ndege. Kumbe aliichukua nakala kwa Elisante, akamfunga mdomo.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Kanitazama kwa upole, hasira hana hata chembe. "Nimekungoja siku nne, Nahla mwanangu. Ukuta wa mtu ukipasuka, wewe msanifu utamficha mwenye nyumba kwa sababu unampenda?"

Nimelia mbele ya watu wote wa chai. Kanifuta machozi kwa kitambaa cha hoteli, akasema anakwenda kutafuta tangawizi, akirudi anikute nimeshasaini pa mpokeaji. Kaniachia kalamu yake.

Elisante anapiga tena. Mzee namwona kule, anamwonyesha mhudumu kwa vidole namna ya kutwanga tangawizi. Pa mpokeaji bado peupe. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia hapa –