Mikono Yote Juu

Urahama, 9 Oktoba 2025

Kwako Shangazi Chizuru,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuruhusu kutembea, na kwamba ukungu wa huko Kushiro haujakuingia kifuani. Sisi hatujambo. Baba bado anabishana na televisheni. Jumapili tulipika magimbi ukingoni mwa mto, ukoo mzima, na kama kila mwaka watu wakagombana kama mchuzi utiwe nyama ya nguruwe au ya ng'ombe. Baba alisema, "Dada yangu angekuwapo angewanyamazisha wote." Akakumbuka kwamba hupo, akanyamaza yeye.

Nina mambo mawili. La kwanza: kikundi chetu cha walimu wa Kiingereza kinatimiza miaka thelathini mwezi Machi. Wewe ulikianzisha, na mimi ni mwenyekiti kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika. Bado tunakutana Jumamosi ya pili ya mwezi, ghorofa ya pili ya ukumbi wa wananchi, chumba kile kile chenye hita inayokohoa. Tunakuwa wanane, tisa mvua isiponyesha. Kila mmoja anasimulia kilichomshinda darasani, wengine wanatikisa vichwa, kisha tunakwenda kunywa bia na huko ndiko tunakosema tulichokuwa tukifikiri. Gilhooly, yule Mwairishi, bado anakuja na soksi zake zilizotoboka. Tunatoa kijitabu cha kumbukumbu na tunakuomba kurasa mbili.

La pili ni Yonekura Shuhei. Amerudi mjini. Ameomba nafasi ya mkataba katika shule ya kati ile ile aliyoiacha miaka kumi na miwili iliyopita. Walimu wamekuwa adimu siku hizi, wangemchukua kesho. Lakini mkuu wa shule, Bwana Nagaoka, amelipata jarida letu la mwaka 2013, lililoandika kwamba somo lake la wazi, alilofundisha mbele ya wageni, lilianguka "kwa kukosa maandalizi". Ameniuliza, "Kikundi chenu kinamjua. Anafaa au hafai?" Nimemwambia nitashauriana. Majina yanafungwa mwisho wa Januari.

Vaa nguo nzito.

Mpwa wako,
Kayo


Kushiro, 21 Oktoba 2025

Mpwa wangu Kayo,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima. Magoti yananitii asubuhi, mchana yanagoma. Mwambie baba yako nyama ni ya nguruwe, na mjadala umefungwa.

Kurasa zako mbili nimezitia humu. Hazina picha ya waanzilishi wala shukrani kwa ukumbi wa wananchi. Nimeandika juu ya siku ile ya somo la Shuhei. Ulikuwapo, lakini ulikuwa nyuma, kwa hiyo nakusimulia kama mtu aliyekuwa mbele.

Tulikuwa watu arobaini tumesimama nyuma ya darasa lake, maofisa wa elimu wa mkoa wakiwa na karatasi za alama. Shuhei alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mimi ndiye niliyemlea kazini. Aliwauliza watoto swali kwa Kiingereza, swali halisi: kitu gani nyumbani kwao wangependa kukibadilisha. Mikono mitatu ilipanda. Akangoja. Nilitazama saa ya ukutani, alingoja dakika nne. Msichana mmoja wa dirishani akainuka, akajibu kwa maneno matano, matatu yakiwa makosa: alitaka babu yake arudi nyumbani. Shuhei alifurahi kana kwamba amepewa zawadi. Kengele ikalia, nusu ya somo haijafundishwa.

Kwenye kikao cha kulijadili somo, ofisa mmoja alisema kunihusu, "Ajabu. Katika darasa la Mwalimu Kuramochi mikono yote hupanda."

Shuhei akanigeukia. "Mwalimu, waeleze."

"Niwaeleze nini?"

"Anayejua huinua mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto, na mwalimu huita wa kulia tu. Ulinifundisha mwenyewe. Mimi nimekataa kuwafanyia watoto hivyo."

Watu wote walinitazama, Kayo. Nilicheka, cheko lile la kufunika mdomo kwa kiganja, nikasema, "Kijana amechoka. Kilichokosekana ni maandalizi." Maneno ya jarida ni yangu. Shuhei aliacha kazi kabla ya theluji kuyeyuka, nami nikastaafu nikahamia huku, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuliona darasa langu.

Chapeni kama nilivyoandika, kwa jina langu na lake. Na Nagaoka asome kabla ya Januari kuisha.

Shangazi yako,
Chizuru


Urahama, 3 Desemba 2025

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Mitihani, mafua, na kamati. Baba anaendelea vizuri, ameanza kukaza kamba za kushikilia miti ya uani kabla ya theluji, na hataki kusaidiwa.

Kamati imesoma kurasa zako. Mzee Sugawara, ambaye bado anashika daftari la wanachama, alizisoma mara mbili akavua miwani.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Vizuri mno. Tutafanyaje?"

"Chapeni kama ilivyo," Gilhooly akasema.

"Bwana Gilhooly, wewe una kwenu pa kurudi," Sugawara akamjibu.

"Sina. Nina miaka ishirini na saba hapa."

"Basi ungekuwa umejifunza."

Kila mtu akacheka, na jambo likaahirishwa. Unajua yule ofisa wa siku ile sasa ni mkubwa wa ofisi ya elimu na ndiye mgeni wetu rasmi. Wanaomba ulainishe kidogo. Sugawara amejitolea kulainisha yeye. Nagaoka nimemwambia kamati bado inajadili.

Nina neno langu pia. Nimeliweka tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kama nisingesoma kurasa zako nisingelisema. Nilikuwa darasani kwako miaka mitatu. Mimi nilikuwa mkono wa kushoto. Sikumwambia Baba, maana angeniambia mwulize shangazi yako. Miaka mitatu niliinua mkono kila siku na sikuitwa hata siku moja. Kiingereza nilijifunza kwa redio, jikoni, nikimenya viazi. Siku ya Shuhei nilikaa nyuma nikijua kwamba anasema kweli kuliko mtu yeyote mle ndani, nami sikufungua kinywa. Kwa hiyo usidhani nakuhukumu. Nakueleza tu kwamba ulipoandika "watoto", ungeweza kuandika jina.

Mpwa wako,
Kayo


Kushiro, 9 Desemba 2025

Kayo mwanangu,

Natumaini mafua yamekuacha. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma.

Nilijua. Sitakudanganya tena katika umri huu. Nilikuwa nikiuona mkono wako wa kushoto, upande wa ukutani, dawati la tatu, na kila mara nilishukuru moyoni kwamba umeinuka, maana wageni walikuwa wakiniangalia mimi na walijua wewe ni damu yangu. Nilijiambia nitakuita kando siku moja nikufundishe nyumbani. Siku zenyewe zilikuwa na kazi nyingi. Ulipofaulu kuingia chuo cha ualimu nilijiambia nilikufundisha vizuri.

Siombi unisamehe kwa barua. Naomba mawili tu. Sugawara alainishe anachotaka kuhusu mimi, lakini asiguse jina la Shuhei. Na mpelekee Nagaoka nakala yangu ya kwanza. Usingoje kamati. Kamati hainywi hata chai kabla ya kupiga kura.

Shangazi yako,
Chizuru


Kadi ya mwaka mpya, 1 Januari 2026

Heri ya mwaka wa Farasi. Tunashukuru kwa wema wako wa mwaka uliopita na tunaomba uendelee nao mwaka huu.

Kijitabu kiko kwa mpiga chapa. Theluji imefika dirishani.

Kayo


Kushiro, 16 Februari 2026

Mpwa wangu Kayo,

U mzima? Baba yako mzima? Huku barafu imeshika bandari na watu wanatembea kama bata. Mimi sitoki.

Tangu Desemba nimepata kadi yako tu, yenye maneno yaliyochapwa na mistari miwili ya mkono wako. Januari imepita. Nimepiga simu mara mbili, baba yako akaniambia uko mkutanoni. Mara ya pili nilimsikia anakuuliza wewe mwenyewe aniambieje.

Nijibu neno moja. Shuhei amepata au hakupata?

Shangazi yako,
Chizuru


Urahama, 24 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakusalimu, na anasema hatapokea tena simu kwa niaba ya mtu. Mimi sijambo kwa mwili.

Hakupata. Tarehe thelathini Januari Nagaoka alinipigia mara ya mwisho. "Mwalimu Kayo, nahitaji ndiyo au hapana." Nilikuwa na nakala yako ndani ya mkoba, Shangazi, imekaa humo tangu Desemba. Nikasema kamati itatoa tamko pamoja na kijitabu. Akasema anaelewa. Nafasi wamempa mama mmoja mstaafu.

Kijitabu hiki hapa. Fungua ukurasa wa kumi na nne. Sugawara ameifanya kazi yake. Shuhei amekuwa "mwalimu mmoja kijana", na mistari yake haimo. Kikao hakimo. Kilichobaki ni ule mpango wa mikono ya kulia na ya kushoto, na kichwa kipya juu yake: "Njia ya Mikono Miwili: Kumpa Nafasi Mwanafunzi Mwenye Haya". Nilipokiona kwa mpiga chapa ningeweza kusimamisha. Nilisahihisha koma mbili nikatia sahihi.

Kwenye sherehe Sugawara aliusoma ukurasa wako kwa sauti. Mgeni rasmi aliinamisha kichwa na kusema hii ndiyo hekima ya walimu wa zamani. Walimu vijana waliandika. Mmoja, Hirose, mwaka wake wa pili kazini, msichana mwema anayelia chooni baada ya vipindi, aliuliza, "Naruhusiwa kuijaribu Aprili?" Wakampigia makofi. Gilhooly alichukua koti lake akaondoka. Hajarudi kikundini.

Shuhei anaendesha lori la mafuta ya taa, lile linalopita mitaani likipiga wimbo. Juzi alitujazia tangi. Nilimpa kurasa zako za kwanza, zile zenye jina lake, akazisoma pale pale nje, amevaa glavu, wimbo unaendelea.

"Ameandika vizuri," akasema. "Siku zote aliandika vizuri."

"Una neno nimpelekee?"

Akazikunja akanirudishia. "Mwambie kwamba Nagaoka ana sanduku la barua. Liko getini, jekundu. Hata kutoka Kushiro linafikika."

"Alitaka ipitie kwenye kikundi."

"Najua. Nawe ulitaka nini, Mwalimu Kayo? Shule yako na ya Nagaoka zinatazamana." Kisha akaniambia ni lita tisini, nitie sahihi.

Nilikasirika kwa ajili yako mpaka nilipofika jikoni. Baada ya hapo sikuwa na wa kumkasirikia. Kwa nini hukumwandikia Nagaoka mwenyewe, Shangazi? Nakuuliza kwa sababu swali langu mimi nimeshalijibu.

Mpwa wako,
Kayo


Kushiro, 28 Aprili 2026

Mpwa wangu Kayo,

Salamu kwako na kwa baba yako. Mimi nipo. Barafu imekwisha, ukungu umerudi.

Nimekaa na swali lako mwezi mzima. Barua kwa Nagaoka ingesomwa na mtu mmoja, ikatiwa kwenye faili. Ingemfaa Shuhei, na hakuna mtu mwingine ambaye angejua kwamba nimeiandika. Mimi nilitaka kijitabu. Nilitaka walimu wasome jinsi Kuramochi Chizuru alivyokiri, waseme: mama huyu ana moyo. Hilo ndilo jibu, na sikulipenda nilipolipata. Mwezi huu nimemwandikia Nagaoka. Amenijibu kwa adabu kwamba mwaka wa shule umeshaanza.

Sasa nikueleze ya jana. Simu ililia saa kumi jioni.

"Mwalimu Kuramochi? Samahani sana kukusumbua. Mimi naitwa Hirose, ni wa kikundi cha Urahama. Namba nimepewa na mzee Sugawara. Mwalimu, leo wameinua wote! Thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja, na wazazi walikuwa wamesimama nyuma!"

"Wote?"

"Wote! Hata Endo, ambaye tangu aje hajafungua kinywa."

"Endo aliinua mkono gani?"

Akacheka, cheko la mtu ambaye siku hiyo hakulia. "Wa kushoto, Mwalimu. Lakini aliinua! Mama yake alifuta machozi."

Nilikuwa na neno la ukweli mdomoni, Kayo. Halikuwa la kutafuta. Nimeliandika mara tatu tangu Oktoba, kwako, kwa kijitabu na kwa Nagaoka, na naweza kulisema hata usingizini. Palikuwa na mimi na yeye tu kwenye simu. Hapakuwa na ofisa wala mgeni. Alikuwa akipumua kwa furaha, anangoja.

Nikasema, "Hongera, Mwalimu Hirose."

Akanishukuru mara nyingi. Aliniuliza kama ningekubali kuja Juni niwaonyeshe mwenyewe, wangenilipia treni. Nikamwambia nitaangalia kalenda.

Shangazi yako,
Chizuru