Vidole vya Zhongda

Guangzhou, Jumanne usiku. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Unguja.

Bado namfikiria yule Mwingereza niliyesoma habari zake juzi. Karne moja iliyopita aliishi kwa michezo miwili: majira ya baridi alilipwa kucheza kandanda, kiangazi kriketi. Hakuna aliyeandika ni lini mkono wake ulianza kukosa mpira. Nadhani yeye alijua kabla ya wote.

Leo katika soko la vitambaa la Zhongda, ninakowachagulia wateja bidhaa kwa kupapasa, nilishika kitambaa, nikamhakikishia Mwanaidi, mteja wangu wa Dar, kuwa ni pamba. Akachomoa uzi, akauchoma. Pamba huacha majivu; huu uliyeyuka ukawa tone gumu.

"Babu, leo umefungwa goli la kizembe!" alicheka. Kisha akaviona vidole vyangu vikishindwa kuliokota lile tone, kicheko kikakatika. "Rudi nyumbani, watu wako wakuuguze."

Sikumwambia kuwa tangu Ijumaa vimekufa ganzi. Naogopa. Mwingereza, mkono ulipomwangusha, alibaki na miguu. Mimi riziki yangu yote imo vidoleni.

Na wa kuniuguza Unguja alikuwa dada yangu, naye tulikwisha kumsomea hitima.

Sitarudi.